Tulitaka Kumponya Baba kwa Haraka



Kwa miaka mingi tumesoma katika kurasa hizi habari za nyumba za wenzetu, tukacheka nao na kulia nao, na mara nyingi tukapata njia pale tulipokuwa tumekwama. Leo tumeona ni zamu yetu kusimulia. Sisi ni ndugu watatu, mabinti wa baba mmoja na mama mmoja. Wote tumeolewa na wote tunalea watoto. Mkubwa wetu anaishi Moshi mjini, wa pili yuko Dodoma, na wa mwisho yuko Uingereza, ambako anafanya kazi ya kutunza wazee. Barua hii tumeiandika pamoja, kwa sababu kosa tunalotaka kulieleza tulilifanya pamoja.

Lilikuwa kosa la watu wanaompenda mzazi wao. Ndiyo maana tunaogopa kwamba hata mama mwenzetu anayesoma hapa anaweza kulifanya, tena bila kujua kuwa amekosa.

Maandishi yaliyosinyaa

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu, wilaya ya Hai, kwa miaka thelathini na minane. Alifundisha hesabu na sayansi, na mwandiko wake ubaoni ulisomeka hata na mtoto aliyekaa dawati la nyuma kabisa. Alipostaafu, usharika ukampa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao vya wazee. Daftari hilo lilikuwa fahari yake.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Mwaka 2018 alituambia, "Baba yenu siku hizi anaandika kama anayebania karatasi." Tulipolifungua daftari tuliona wenyewe. Mstari ulianza na herufi za kawaida, ukaendelea ukipungua, ukamalizikia na vidoti kama msafara wa sisimizi. Halafu mkono wake wa kulia ukaacha kupunga anapotembea. Sauti yake ikafifia hadi akaacha kusoma somo kanisani. Uso wake ukawa mkavu, hautabasamu hata wajukuu wanapomrukia, na watu wakadhani amewakasirikia. Mwisho mkono ule ule wa kulia ukaanza kutetemeka unapokuwa umetulia pajani, na kuacha kutetemeka anapoushika mkono wa mtu au kikombe.

Maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ni uzee. Wengine walisema mwalimu amekuwa mnywaji wa siri, naye hajawahi kuionja hata mbege ya harusi. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa kitu kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Kwenye zahanati moja alipewa dawa za malaria mara mbili, na kwingine akapewa vidonge vya "mishipa" ambavyo vilimlaza tu. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Mwaka 2021 tulimfikisha kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Hakumpima kwa mashine kubwa. Alimwambia atembee ukumbini, ageuke, agonganishe kidole gumba na cha shahada, kisha akampa karatasi na kalamu. Baada ya kuutazama mwandiko wake alisema kwa upole, "Mwalimu, huu ni ugonjwa wa Parkinson."

Tuliuliza maana ya jina hilo. Alitueleza kwamba ni jina la daktari James Parkinson wa London, aliyeuandika ugonjwa huu katika kitabu kidogo mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na chembe hai za sehemu hiyo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho huwezesha mwili kusogea kwa utaratibu. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa pole pole. Mtu anapoanza kutetemeka, nyingi zimekwisha kufa. Hauambukizi, na si uchawi, na wala si adhabu ya pombe.

Tena tulijifunza jambo lililotuuma. Katika wilaya yetu hiyo hiyo ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiutafuta ugonjwa huu, na mwaka 2008 walichapisha matokeo yao. Kati ya watu wapatao 161,000 walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu ye yote kwamba wana Parkinson. Wakati utafiti ule unafanyika Baba alikuwa mzima, akifundisha. Miaka kumi baadaye akawa kama wale wazee, mgonjwa asiye na jina la ugonjwa wake.

Baba alianzishiwa levodopa, dawa iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Jumapili ya tatu tangu aanze kumeza, alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama alijifanya anatafuta kitenge chumbani ili tusimwone anavyolia.

Lakini daktari alikuwa ametuonya. Alisema levodopa ni kama kujaza maji katika pipa linalovuja: nyumba inapata maji, lakini tundu liko pale pale. Dawa ya kuziba tundu, yaani ya kuzuia chembe zisife, bado haijapatikana.

Habari kutoka Ufaransa

Aprili 2024, usiku, mdogo wetu alipiga simu kutoka Uingereza. Alikuwa anahema kama aliyekuwa akikimbia. "Dada, wamepata! Sindano ya kisukari inazuia Parkinson!"

Habari yenyewe ilikuwa ya kweli kwa sehemu. Huko Ufaransa watafiti walikuwa wamechukua wagonjwa 156 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Nusu yao walichomwa kila siku sindano ya lixisenatidi, ambayo ni dawa ya kisukari, na nusu walichomwa sindano isiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja wale wa sindano tupu walikuwa wameteremka kwa pointi kama 3 katika kipimo cha kutazama mwendo, mikono na uso. Wale wa dawa walikuwa karibu pale pale walipoanzia.

Mdogo wetu alisoma zaidi, nasi tukawa tunampigia kila jioni kusikiliza. Alitueleza habari ya dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, exenatidi. Asili yake ni ya ajabu. Mwanasayansi wa Marekani, John Eng, aliigundua katika mate ya mjusi mkubwa mwenye sumu anayeishi majangwani huko Marekani na Mexico. Mwaka 2005 iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa kisukari. Baadaye ilionekana maabara kwamba inazilinda chembe za ubongo za wanyama. Ndipo Profesa Tom Foltynie na wenzake wa London wakaijaribu kwa wagonjwa wa Parkinson, na mwaka 2017 walitangaza kwamba katika watu 62, waliochomwa dawa mara moja kwa juma walikuwa na nafuu kidogo kuliko wenzao. Kwa sababu hiyo jaribio kubwa zaidi lilikuwa likiendelea.

Tulielewa pia kwa nini wataalamu wanarudi kwenye dawa za zamani. Dawa mpya hugharimu fedha nyingi mno na miaka mingi kabla haijamfikia mgonjwa. Dawa ambayo tayari imemezwa na mamilioni ya watu kwa ugonjwa mwingine, madhara yake yanajulikana. Ikionekana inafaa, njia inakuwa fupi.

Sisi tulilishika neno hilo "fupi". Baba alikuwa ameanza kuburuta mguu. Usiku alishindwa kujigeuza kitandani, Mama akamgeuza, naye Mama ana miaka sabini. Kila mwezi wa kungoja tuliuona kama mwezi wa chembe zinazokufa. Tukasema, kama sindano ipo, tunangoja nini?

Kalamu mbili ndani ya friji

Tulichanga. Mdogo wetu alituma sehemu kubwa, wa Dodoma aliuza mahindi aliyokuwa ameyahifadhi angojee bei nzuri, na mkubwa wetu akatoa fedha ya muhula wa pili wa mtoto wake, akimwambia mumewe kwamba shule imeruhusu kulipa baadaye. Haikuwa kweli.

Lixisenatidi hatukuipata. Tulipata nyingine ya jamii yake katika duka moja la dawa Dar es Salaam. Muuzaji hakuuliza cheti cha daktari, wala nani ataitumia. Alihesabu fedha, akatupa kalamu mbili za sindano. Zilisafiri kwa basi usiku ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, zikafika Moshi, zikawekwa kwenye friji ya mkubwa wetu kati ya maziwa na mchicha.

Hapa ndipo tunapoona haya kuandika. Tulijua Baba hatakubali kutumia kitu asichokielewa. Daktari wake hatukumwambia, tukihofu atakataa. Basi tukaamua kwa simu, sisi watatu, kwamba Mama atamchoma Baba na kumwambia ni vitamini ya kumwongezea nguvu. Tuliombea uamuzi huo. Tulimwomba Mungu abariki sindano ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba tunamwomba abariki uongo.

Mama alipoelezwa alinyamaza. Alisema, "Leteni, nitaona." Jumamosi tulizipeleka nyumbani. Mdogo wetu alikuwa kwenye simu, na wa Dodoma alikuwa amesafiri kwa ajili hiyo. Tulipofika tulimkuta Baba amekaa barazani, amevaa koti, na mbele yake kuna mikebe miwili mitupu ya maziwa ya unga.

Mama alikuwa amemwambia kila kitu usiku ule. Baadaye alituambia, "Nimeishi na mwanaume huyu miaka arobaini na saba. Ninamgeuza kitandani, ninamkata nyama kwenye sahani. Kama na neno langu nalo hataliamini, atabaki na nini?"

Mkebe wa pili

Baba hakutukaripia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi tusogee karibu kama tulipokuwa watoto.

"Wanangu, mnakumbuka maharage?"

"Tunakumbuka, Baba."

Kila mwanafunzi wake anakumbuka. Darasa la nne lilipanda maharage katika mikebe miwili. Mkebe mmoja uliwekwa samadi, wa pili haukuwekwa. Yote miwili ilipewa udongo ule ule, maji yale yale, na kukaa dirisha lile lile.

"Kwa nini nilikuwa natumia mikebe miwili?"

Sisi watu wazima tulijibu kama darasa. Kwamba ukiwa na mkebe mmoja, maharage yakiota vizuri, hujui kama ni samadi au yangeota hivyo hivyo.

"Sawa. Mkinichoma sindano hii na nikaamka Jumatatu nina nafuu, mtasema ni sindano. Lakini mimi nina siku nzuri na siku mbaya hata bila sindano. Nikizidiwa, mtasema tumechelewa, ongeza dozi. Mkebe wa pili uko wapi?"

Mdogo wetu alisema kwenye simu, akilia, "Baba, wewe si maharage. Wewe unakwisha."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Mkono wake ulitetemeka, Mama akauwekea wake juu. Kisha akasema, "Ninajua ninakwisha, mwanangu. Ndiyo maana sitaki mnidanganye. Twende kwa daktari pamoja, tumwulize. Akisema nichomwe, nitachomwa."

Tulikwenda juma lililofuata, wote, tukiwa na zile kalamu ndani ya chupa ya chai. Daktari hakutufokea, ingawa tulistahili. Alizishika, akasoma, akatueleza mambo manne ambayo tungependa kila mama ayajue.

Kwanza, dawa hizi hupunguza hamu ya kula na kumkondesha mtu. Baba alikuwa amekwisha kupungua kilo sita, na wagonjwa wengi wa Parkinson hukonda hata bila dawa hizo.

Pili, katika jaribio lile lile la Ufaransa, karibu nusu ya waliochomwa dawa walipata kichefuchefu, na kati ya kila watu mia, 13 walitapika. Na mgonjwa anayetapika huku kwetu, mara nyingi hupewa haraka metoklopramidi. Dawa hiyo ya kuzuia kutapika huizuia dopamini isifanye kazi, na humzidishia mgonjwa wa Parkinson ugumu wa mwili. Tulitazamana. Tungemchoma Baba "vitamini", angetapika, tungemkimbiza zahanati, na hakuna ambaye angejua la kumwambia mganga.

Tatu, dawa tuliyonunua haikuwa ile iliyojaribiwa. Ndugu wawili wa tumbo moja si mtu mmoja. Tena wale wa Ufaransa walikuwa na ugonjwa usiozidi miaka mitatu tangu kutambuliwa, walifuatiliwa mwaka mmoja tu, na tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo.

Nne, alimwunga mkono Baba kuhusu mkebe wa pili, na akaongeza jambo. Katika ugonjwa huu tumaini lenyewe hufanya kazi mwilini. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa kitu kisicho na dawa, naye akaamini huenda ni dawa, ubongo wake hutoa dopamini yake mwenyewe. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini haizibi tundu la pipa. Kwa hiyo katika majaribio mazuri mgonjwa hajui amechomwa nini, na daktari anayempima naye hajui, mpaka mwisho.

Tulitoka pale tumenyong'onyea. Duka lilikataa kurudisha fedha. Kalamu zilirudi kwenye friji, na zikakaa pale mpaka muda wake ukaisha. Kila aliyefungua friji kutafuta maziwa alizikuta zinamtazama. Mkubwa wetu alimwambia mumewe kweli kuhusu ada. Hilo nalo lilikuwa na machozi yake.

Februari 2025

Mdogo wetu hakutusamehe upesi. Kwa miezi alipiga simu kwa Mama tu. Alisema sisi tulio nyumbani tumekata tamaa, na kwamba jaribio kubwa la Uingereza likitoka litatuhukumu.

Jaribio hilo lilikuwa la exenatidi, likiongozwa na Profesa Foltynie yule yule. Watu 194 katika hospitali sita. Nusu yao, watu 97, walichomwa dawa kila juma, na 97 wakachomwa sindano tupu, kwa majuma 96. Karibu miaka miwili ya kwenda na kurudi, watu wagonjwa, wengi wakitetemeka njiani, bila kujua wanachomwa nini.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025. Hakukuwa na tofauti. Waliopata dawa waliteremka sawa na wasioipata. Exenatidi haikuuzuia ugonjwa.

Tungependa kusema kwamba tulijisikia tumeshinda. Hatukujisikia hivyo hata kidogo. Mdogo wetu alipopiga simu kutusomea habari ile, alishindwa kumaliza, na sote watatu tulilia, kila mmoja jikoni kwake. Kumbe hata sisi tuliokataa sindano tulikuwa tumeificha mioyoni kama akiba.

Tulimpelekea Baba habari. Alitaka kujua idadi, majuma na namna walivyogawanywa. Kisha akasema kwamba watu wale 194 wamefanya kazi kubwa. "Sasa kuna mahali ambapo mtu mwingine hatapoteza ada ya mtoto wake." Baada ya hapo aliomba chai.

Hatukuambiwa kwamba mlango umefungwa. Jaribio la Ufaransa lilionyesha kitu, la Uingereza halikuonyesha, na dawa hizo mbili, ingawa za jamii moja, si dawa moja. Wanaoendelea kutafuta wana kazi ya kueleza kwa nini. Wala exenatidi haikuwa ya kwanza kuanguka. Isradipini, dawa ya shinikizo la damu, ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 336 kwa miaka mitatu. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba haikusaidia. Simvastatini, dawa ya kupunguza mafuta katika damu, nayo ilijaribiwa Uingereza, na mwaka 2022 ikaonekana haina faida kwa ugonjwa huu.

Na nyingine zinajaribiwa. Moja itawashangaza, kwa maana huenda ipo kabatini kwenu: ambroksoli, dawa ya kulainisha makohozi. Wataalamu walioanza nayo walikuwa na sababu. Dawa hiyo huipa nguvu kemikali fulani inayosafisha takataka ndani ya chembe za ubongo, na kemikali hiyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jini iitwayo GBA1, ambayo ikiwa na hitilafu huongeza hatari ya Parkinson. Mwaka 2025 Uingereza ilianza jaribio kubwa la watu wapatao 330, watakaofuatiliwa miaka miwili. Tafadhali, msikimbilie chupa ya kikohozi. Kipimo kinachojaribiwa ni zaidi ya mara kumi ya kile cha kikohozi, na wanaokimeza hupimwa mara kwa mara.

Jini hiyo ina habari inayotuhusu sisi. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani, walitangaza kwamba wamepata katika GBA1 tofauti fulani inayoonekana kwa watu wenye asili ya Afrika, ambayo karibu haionekani kwa Wazungu. Miaka yote iliyopita haikuonekana, kwa sababu waliokuwa wakipimwa karibu wote walikuwa Wazungu. Tulipomweleza Baba, macho yake yaliwaka kuliko tulivyoyaona kwa muda mrefu. Alisema, "Siku wakija kufanya jaribio la haki huku kwetu, mniandikishe. Hata wakiniweka kwenye mkebe usio na samadi."

Tunayoyafanya sasa

Baba bado anaugua, na ugonjwa unaendelea. Hatuwezi kuwaandikia habari ya kupona. Tunaweza kuwaeleza yale ambayo yamesaidia nyumba yetu.

Dawa yake anaimeza kwa saa zile zile kila siku, nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, maharage na maziwa yakiliwa pamoja nayo huizuia isifyonzwe vizuri. Hatuiachi iishe, kwa maana kuikatisha ghafla ni hatari. Kwenye daftari la Mama imebandikwa karatasi isemayo, "Mgonjwa huyu ana Parkinson. Asipewe metoklopramidi." Popote anapopelekwa, karatasi inatangulia. Anatembea kila asubuhi hadi kanisani na kurudi, mjukuu akimhesabia "moja, mbili" mguu unapoganda. Anaimba tenzi kwa sauti ya juu jioni, kwa ajili ya koo lake. Jirani alipotuletea mbegu za upupu, akisema zinatibu, daktari alituambia kwamba ni kweli zina levodopa ndani yake, lakini nyumbani hakuna anayeweza kujua ni kiasi gani, kwa hiyo tusimchanganyie.

Na kila tunaposikia habari ya dawa mpya, au ya zamani iliyopata kazi mpya, tunauliza maswali matatu ya Baba. Walikuwa watu wangapi? Mkebe wa pili ulikuwepo? Walifuatiliwa kwa muda gani? Kisha tunakwenda kwa daktari, naye Baba akiwepo.

Mama mwenzetu, kama mume wako au mkwe wako ameanza kuandika herufi ndogo, uso umekuwa mkavu, mkono haupungi, usimwache miaka mitatu kwenye minong'ono. Mpeleke. Na ukiwa na hofu kama tuliyokuwa nayo, usimfiche mgonjwa mwenyewe kitu unachotaka kukitia mwilini mwake. Imani yetu inatufundisha kuombea wagonjwa, na tunaendelea kuomba kila usiku. Ila siku hizi Baba anajua tunachoombea.

Desemba iliyopita mdogo wetu alikuja likizo. Alipofika alikwenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti mbele ya Baba bila kusema neno. Baba alimwekea mkono kichwani, ule wa kulia. Ulitulia kabisa.

Baadaye aliomba daftari la usharika, akaandika jina la mwanawe na tarehe aliyowasili. Herufi zilianza kubwa, zikamalizikia ndogo sana. Tulizisoma zote.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Wenu katika upendo,
Ndugu watatu wa Hai